Mlango Uliotembea na Birika

Haya ya leo niliambiwa na Fundi wa kompyuta, siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi. Yeye alikuwa amelala chali chini ya meza ya mapokezi, miguu nje, kichwa ndani. Mimi nilikuwa nimesimama na birika mkononi.

"Bibi," akasema kutoka huko chini, "mwizi hakuvunja kitu."

"Sasa aliingiaje?"

"Kwa ufunguo. Kama mwenye nyumba."

Birika likanielemea ghafla. Nikaliweka sakafuni.

Kwa wewe uliyechelewa kunifuata, mimi ni mjane, na wanangu wako mbali, simu zao huja kwa msimu. Nachemsha chai na kufagia katika ofisi ya wapima ardhi, ghorofa ya pili: Mkurugenzi, Mhasibu, Mchoraji wa ramani na Dada wa Mapokezi. Nyumba aliyoniachia marehemu ina vyumba viwili, na kimoja nimempangisha mtu, angalau nisikie hatua za binadamu. Wiki iliyopita niliishia Jumatatu asubuhi, kompyuta zote zilipowashwa zikatoa maandishi mekundu badala ya kazi. Ramani za miaka kumi na tisa zimefungwa, na anayezitaka alipe. Ya kwanza kuonyesha wekundu ilikuwa ya Dada wa Mapokezi. Akaambiwa akae nyumbani hadi Ijumaa.

"Ufunguo wa nani?" nikamuuliza Fundi, ingawa nilikwisha kuhisi jibu.

"Wa huyu huyu wa mapokezi. Jina lake na neno lake la siri. Jumapili, saa tisa alasiri. Hakukosea hata herufi moja."

"Jumapili ofisi imefungwa, mwanangu."

"Imefungwa kwa kufuli, ndiyo. Lakini Mkurugenzi alitaka mlango wa kufanyia kazi akiwa kwake. Ukiwa na jina na neno la siri unaingia kwa intaneti, hata ukiwa umejilaza kitandani. Nilimwambia tuongeze kufuli la pili, namba inayotumwa kwenye simu ya mtu kila anapoingia. Akasema litamchelewesha."

Akajivuta nje, nywele zimejaa vumbi. Vumbi hilo lilikuwa deni langu, nikaona haya.

"Halafu mtu wa mapokezi, kazi yake kupokea wageni, amepewa ruhusa ya kufungua kila kabati la ramani. Nilisema kila mtu apewe chumba chake tu. Nani alinisikia?"

"Mimi nilikusikia."

"Ndiyo maana naongea na wewe, Bibi."

Kisha akanyanyua kisanduku cheusi, kidogo kama mche wa sabuni, chenye waya unaoning'inia.

"Hii ndiyo inayoniumiza. Humu mna nakala ya kila ramani. Kila Ijumaa nikimaliza kazi nauchomoa huu waya, ili virusi vikiingia visifike humu. Jumatatu nimeukuta umechomekwa. Nakala nazo zimefungwa. Kuna mtu anaurudisha! Ningemjua mtu huyo, Bibi, ningemjua tu."

Nikautazama ule waya. Nilikuwa naufahamu vizuri. Kila Jumamosi nikifagia nilikuwa naukuta umelala sakafuni. Nikadhani umechomoka wenyewe. Nikawa naufuta vumbi na kuurudisha tunduni kwake taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto shuka.

Miezi sita.

"Chai itapoa," nikasema.

Sasa nikuambie jambo ambalo wiki zote hizi nimelipita pembeni.

Miezi sita nyuma, Fundi alipokuja mara ya kwanza, alikuta maneno ya siri ya watu yameandikwa kwenye vikaratasi. Kimoja chini ya kibodi, kimoja nyuma ya kalenda, kimoja kimebandikwa kwenye kioo cha kompyuta yenyewe. Akavichana vyote mbele yao.

"Neno la siri haliandikwi popote," akasema. "Liwe refu, liwe na tarakimu, na kila tarehe mosi mnalibadilisha."

Siku ya pili yake Mhasibu akaja jikoni kwangu, jasho linamtoka.

"Bibi, nimelisahau. Nimeweka jipya. Wewe una kichwa, nishikie hili."

Kichwa ninacho kweli. Niliishia darasa la tatu, shule yenye kitabu kimoja. Mwalimu anasoma, sisi tunakariri mpaka jua linageuka. Kuandika kwangu ni kwa kusukuma kalamu, lakini kilichoniingia masikioni hakitoki.

Baada ya Mhasibu akaja Mchoraji. Baada ya Mchoraji akaja Mkurugenzi mwenyewe, akafunga mlango wa jiko nyuma yake. Fundi alikuwa amesema wasiandike. Hakuwa amesema wasimwambie Bibi.

Basi ikawa ndiyo desturi yetu. Kila asubuhi napita na birika, mtu ananyoosha kikombe, na sikio linakuja pamoja na kikombe. Nanong'ona, namimina, nasogea. Watu ambao kwa miaka minane neno lao kwangu lilikuwa "weka hapo", sasa walikuwa wananiinamia. Nilijua sabuni anayoogea kila mmoja wao. Nyumbani kwangu hakuna mtu wa kunikaribia hivyo. Kwa hiyo nilikuwa nawahi kazini, nichukue masikio yangu manne.

Dada wa Mapokezi hakuwa msahaulifu. Alinipa la kwake mwisho kabisa, nadhani ili nisijione nimenyimwa moja. Ndiye pekee aliyekuwa akinimiminia mimi chai. "Kaa chini, Bibi, leo mhudumu ni mimi."

Ili yasinipotee, kila jioni nikijilaza nilikuwa nayarudia, jina la mtu kisha neno lake, moja baada ya jingine, kwa sauti ya darasani. Kichwa changu hakishiki cha kimoyomoyo. Mpangaji wangu alidhani ni dua. Nikimaliza alikuwa akiitikia kutoka upande wa pili wa ubao unaotenga vyumba vyetu: "Amina, Mama. Lala salama."

Alhamisi hiyo hiyo mchana, Dada wa Mapokezi akaja kuchukua viatu vyake vya akiba na kikombe chake. Alinikuta jikoni. Hakukaa.

"Bibi, umewaambia?"

"Bado."

"Usiseme."

"Mwanangu, kesho watakufukuza kwa neno ambalo—"

"Waliniuliza mara tatu kama nilimwambia mtu. Nikasema sikumwambia mtu. Usinifanye mwongo, Bibi."

"Na mimi je? Nikae hapa nichemshe maji?"

"Chemsha. Mimi bado kijana, nitapata kwingine. Wewe wakikutoa hapa utakwenda wapi?"

Akafunga kikombe kwenye kitambaa. Alipofika mlangoni akageuka.

"Mimi najua hukumwambia mtu. Unaona? Hata sikuuliza."

Maneno hayo yakalala na mimi usiku kucha, na hayakuwa na nafasi ya kutosha.

Ijumaa, saa tano asubuhi, kikao. Mkurugenzi kichwani mwa meza, Mhasibu kulia, Mchoraji dirishani, Fundi na kisanduku chake, na Dada wa Mapokezi kwenye kiti cha mwisho, mikono mapajani. Barua ya kumfukuza ilikuwa imeandikwa kwa kalamu, kwa kuwa hapakuwa na kompyuta ya kuichapia. Mkurugenzi alikuwa akihangaika kuusoma mwandiko wake mwenyewe.

Nikaingia na chai.

"Weka hapo, Bibi."

Sikuweka.

"Mkurugenzi, nina neno."

"Baadaye."

"Si la baadaye. Huyu binti hakuliuza neno lake. Alinipa mimi. Mimi ndiye ninayelijua."

Dada wa Mapokezi akafumba macho. Mhasibu akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeona shimo mbele yake.

"Bibi jamani, nenda kapumzike."

Mkurugenzi akaegemea kiti. "Bibi, hebu niambie. Kompyuta inawashiwa wapi?"

"Sijui."

"Haya. Asante kwa roho yako nzuri. Weka chai."

Hapo ndipo nilipoona. Miaka minane nimekuwa kama ule ukuta. Hata kosa hawawezi kunipa.

Nikashika birika, nikaanza kuzunguka meza kama asubuhi zote, ila safari hii sikunong'ona.

"Mhasibu. Nimechoka6. N kubwa, yaliyobaki madogo. Mwezi uliopita lilikuwa Nimechoka5."

Chai ikaingia kikombeni. 

"Umechoka?" Mkurugenzi akamgeukia. "Umechoka na nini?"

"Ni la mwezi huu tu, mkubwa."

"Bibi amesema ni la sita."

Nikasogea dirishani.

"Mchoraji. Babarudi20. Yote pamoja, bila nafasi."

Mchoraji akageuza uso akatazama nje. Mtu mzima, ana mvi mbili tatu. Hakuna aliyemuuliza baba alikwenda wapi.

Nikafika kwenye kichwa cha meza.

"Langu usilitaje," akasema Mkurugenzi.

"Litaje, Bibi," akasema Fundi. "Leo yote yanabadilishwa."

"Hakunakamamimi1. Na alama ya mshangao mwishoni."

Mchoraji akapaliwa na chai. Hata Fundi aliinama kutazama viatu vyake.

Nikamalizia kiti cha mwisho.

"Na huyu. Nyumbayavyumbavitatu3. Tangu mwezi wa kwanza hakubadilisha nyumba, alibadilisha idadi ya vyumba tu. Alianza na vinane."

Dada wa Mapokezi akajifunika uso. Nilimmiminia taratibu mpaka kikombe kikajaa.

"Na ule waya mweusi, Fundi," nikasema, "anayeurudisha ni mimi. Nilidhani umedondoka."

Fundi akakaa chini. Akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Miezi sita," akasema polepole. "Miezi sita mimi nafunga madirisha, kumbe mlango unatembea na birika."

Sikujua kama nicheke au nipige magoti. 

Nilidhani nimemwokoa binti wa watu. Kumbe nilikuwa nimefungua jambo jingine.

"Bibi," Mkurugenzi akasema, na sauti yake haikuwa tena ya "weka hapo". "Wewe ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu. Naapa."

"Jumapili saa tisa alasiri ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, nafua."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Akamtazama Dada wa Mapokezi. "Na wewe tulikuuliza mara tatu. Ukatudanganya mara tatu."

"Nilikuwa namficha Bibi."

"Umeficha mwizi au umeficha Bibi, mimi nitajuaje?"

Fundi akaingilia. "Mkubwa, hapa kila mtu alitoa lake. Hata wewe. Na mlango wa nyumbani kwako ndio uliotumika. Ukitaka kufukuza kwa kosa hilo, utabaki na viti."

Mkurugenzi akaikunja barua. Hakuichana.

"Fundi, una hadi Jumatatu. Ukimpata aliyeingia, binti anarudi mezani kwake. Usipompata, anatia sahihi. Bibi, ufunguo wa jiko."

Nikauvua shingoni. Ulikuwa kwenye kamba, kamba imekwisha kuwa nyeusi kwa jasho la miaka minane.

"Nikizisimamisha upya hizi kompyuta," Fundi alikuwa anawaambia wengine, "mtaingia kwa kidole na kwa namba ya simuni. Hakuna cha kukariri. Bibi hatahitajika tena."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anaeleza kazi yake. Lakini kuutoa ufunguo hakukuniuma kama neno lile, "hatahitajika tena".

Nikatoka. Hakuna aliyeniaga. Nadhani walikuwa wanaogopa mdomo wangu.

Dada wa Mapokezi alinipita ngazini, mkoba wake kwapani.

"Nilikuomba kitu kimoja tu, Bibi," akasema, na hakusimama.

Fundi ndiye aliyenifuata mpaka chini. Akanipa kikaratasi chenye namba yake ya simu.

"Bibi, sikuchukii. Nakuuliza kama fundi tu. Maneno manne, kila mwezi mapya, hujasahau hata nukta. Unafanyaje?"

"Nayarudia kila jioni nikijilaza."

"Kimoyomoyo?"

"Kwa sauti. Vinginevyo hayashiki."

"Na nani anakusikia?"

"Nani anisikie, mwanangu? Naishi peke yangu."

Akatikisa kichwa. "Ukikumbuka lolote nipigie. Ufunguo wa kuzifungua ramani uko kwenye kompyuta ya huyo mwizi. Tukiipata kabla hajaifuta au hajahama nayo, tutazirudisha. Akishaondoka nayo, basi."

Nikaondoka. Na uniamini, msomaji wangu, sikumdanganya. Mtu akiniuliza naishi na nani, miaka tisa sasa ulimi unajibu wenyewe. Peke yangu. Umezoea hivyo.

Nilifika karibu na nyumbani saa saba mchana, saa ambayo mtaa haujazoea kuniona. Mwenye duka la kona akatoa kichwa dirishani.

"Bibi! Leo mapema. Mwambie mpangaji wako bando lake la intaneti limekuja, asije akanipigia kelele tena."

"Nitamwambia."

"Yule dada anakula intaneti kama mchwa! Jumapili peke yake amenunua mara tatu."

Nikasimama.

"Jumapili gani?"

"Hii iliyopita. Mchana. Ya mwisho alinunua saa nane hivi, mbio mbio, hata chenji hakungoja. Bibi? Vipi, jua?"

"Jua," nikasema.

Vyumba vyangu hivyo viwili ni chumba kimoja marehemu alichokigawa kwa ubao, ili watoto wapate upande wao. Ubao wenyewe unene wa kidole. Watoto walipoondoka, upande wao ukakaa bure hadi miezi mitatu iliyopita, alipokuja huyu. Mwanamke wa makamo ya mwanangu wa mwisho. Begi moja na kompyuta ya kukunja. Alisema anafanya kazi za mtandao za watu wa mbali. Mpole, msafi, analipa kwa wakati. Siku ya kwanza tu aliniita Mama.

Nikakaa kitandani, viatu mguuni, nikaanza kukumbuka.

Nikimaliza kurudia maneno yangu, na yeye akishasema amina yake, ubaoni kulikuwa kunakuja sauti ya vidole. Tik, tik, tik. Nilikuwa naipenda. Nilikuwa nalala nayo kama watu wengine wanavyolala na mvua ya bati.

Nikakumbuka na tarehe mosi ya mwezi huu. Nilikuwa nimejilaza, nayapitisha. Nikasema Nimechoka6. Sauti ikatoka upande wa pili, tamu kabisa:

"Mama, jana ulisema tano."

"Wamebadilisha leo, mwanangu."

"Ahaa. Sita. Sawa."

Na mimi nilifanya nini? Nilifurahi. Nililala nikitabasamu gizani, mwanamke mzima, kwamba hatimaye kuna mtu ananisikiliza.

Nikakitoa kikaratasi cha Fundi. Nikakitazama mpaka namba zikacheza. Nikikaa kimya, Jumatatu binti atatia sahihi, na vyumba vyake vitatu viishie hapo. Nikisema, nitamtoa mtu pekee duniani anayeniambia lala salama. Nilikaa na hilo mchana mzima. Sitaki kukuficha kwamba nilikaa nalo muda mrefu kuliko inavyostahili.

Nilipoinua simu hatimaye, nikasikia mlango wa nje. Amerudi. Saa kumi na mbili jioni, mwanga bado uko dirishani.

"Mama! Umewahi leo."

"Nimewahi."

"Unaumwa?"

"Nimechoka tu."

Nikaiweka simu chini. Kwa ubao ule, ningemwambiaje Fundi lolote? Hata kukohoa kwangu anakuhesabu. Nikavua viatu, nikajilaza. Nikamsikia naye akijilaza, kitanda chake kikalia. Kisha kimya.

Kimya kile nilikitambua. Alikuwa anangoja.

Dakika zikapita. Mwanga wa dirishani ukawa wa kijivu.

"Mama, leo husemi zile dua zako?"

 Nikajibu kwa sauti ya kawaida, sijui niliitoa wapi.

"Leo hazipo. Wamezibadilisha, mwanangu."

 Halafu neno moja:

"Zote?"

Mtu anayedhani unasali hakuulizi zote.

"Zote," nikasema. "Na mpya hawatanipa tena."

Upande wa pili hakukuwa na amina. Kulikuwa na miguu ikishuka sakafuni polepole, na baada ya hapo sauti ya zipu ya begi. Ndefu. Ikasimama katikati, kama mtu anayetega sikio, ikaendelea mpaka mwisho.

Nikainuka. Umri huu nimejifunza kutembea bila kuiamsha sakafu, kwa kuwa nilikuwa nafagia watu wakiwa mezani. Nikafika mlango wa nje. Miezi yote mitatu tulikuwa tukiufunga kwa komeo tu, kwa kuwa ufunguo ni mmoja na sikutaka kumfungia mtu nje. Nikauchukua msumarini, nikauzungusha mara mbili. Nikarudi kitandani nao. Madirisha yetu yana nondo, marehemu alikuwa mwoga wa wezi.

Punde nikasikia mlango wa chumba chake. Hatua. Kitasa cha nje kikashuka, kikapanda. Kikashuka tena.

"Mama?"

"Naam."

"Mlango umefungwa."

"Ndiyo, mwanangu."

"Ufunguo uko wapi?"

"Ninao mimi."

 Nilingoja aje, anyang'anye. Ana nguvu kunishinda, na tulijua sote wawili. Begi likatua sakafuni. Hatua zikageuka, zikapita mbele ya mlango wangu, hazikusimama. Kitanda kikalia.

 Giza likaingia kamili na hakuna aliyewasha taa. Simu ilikuwa ubavuni mwangu, kikaratasi chini ya mto, na kulikuwa na siku mbili kufika Jumatatu.

Baada ya kitambo kirefu, sauti ikaja kutoka ubaoni, ndogo, kama imetoka yenyewe kwa mazoea.

"Lala salama, Mama."

"Na wewe, mwanangu."

Pumzi yake ikawa nzito, ikawa ndefu. Nilimsikiliza mpaka nikahakikisha. Kisha na mimi, Mungu anisamehe, usingizi ukanichukua kabla sijaigusa simu, ufunguo umo ndani ya ngumi.